Ndege Juu ya Maharage Yangu

Machi 2, Jumapili

Leo Baba amegawa shamba langu akiwa ameshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika.

Tulikuwa Kikwe, nyumbani kwake, baada ya ibada. Mchungaji alikuwepo, jirani yetu Namnyaki alikuwepo, na mdogo wangu Sylvanus alikuwepo, ndani ya shati lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Sylvanus ni rubani wa ndege za kivita. Anastaafu mwezi huu, na ndege yake inastaafu naye. Jeshi linaziondoa kazini zile za mashambulizi za zamani, na moja, aliyoirusha yeye kuliko rubani mwingine yeyote, itawekwa mahali watu waione. Kata yetu iliomba ikapewa, kwa sababu rubani ni mtoto wa hapa.

"Itakaa wapi sasa?" Mchungaji akauliza.

"Pale barabarani," Baba akasema. "Kila apitaye aione."

"Pale wapi, Baba?" nikauliza mimi.

"Pale, Mama Aikande. Kuna pale ngapi?"

"Pale pana maharage."

"Maharage hayajapandwa."

"Yatapandwa."

"Maharage hupandwa popote, mwanangu. Ndege haikai popote."

Wakacheka wote. Mchungaji alicheka mpaka akaweka andazi chini. Sylvanus hakucheka. Alikuwa anaangalia viganja vyake kama mtu aliyeandikiwa jibu humo.

Niandike vizuri, maana hasira huharibu hesabu. Shamba hilo ni nusu eka, kati ya barabara na mfereji. Mwaka nilioachana na mume wangu, nikarudi na Aikande mgongoni, Baba alipanda mlimani kwenye mji wa babu, akakata masale manne, ile mimea ya mipaka yenye majani mapana, akayashusha mpaka Kikwe na kuyapanda kwa mkono wake katika pembe nne za kipande hicho. Kwetu Wameru isale ndiyo hati. Mwanamke kupandiwa isale na baba yake ni jambo la nadra. Watu walisema amenionea huruma. Ya huruma au si ya huruma, hati ni hati. Nimelima hapo tangu Aikande anatambaa, na leo Aikande ni muuguzi.

Machi 5

Nimepanda. Udongo mkavu kama unga, mvua hata harufu yake hakuna, nimepanda hivyo hivyo. Mazao yakishaingia ardhini, hakuna mwenye akili timamu anayemwondoa mwenye shamba kabla hajavuna. Baba analijua hilo. Ndiye aliyenifundisha.

Machi 9

Namnyaki kanikuta nikikagua mistari.

"Kwa hiyo mwaka huu, Mama Aikande, utavuna maharage au mabomu?"

"Nitavuna vyote, nikuuzie wewe."

"Mabomu niuzie ya kukaanga."

Yeye anacheka kwa sababu shamba lake liko nyuma, hakuna anayelitaka.

Machi 15

Mvua. Kubwa, ya kweli. Huku Sombetini, kiwandani kwangu, imeniharibia bloku za saruji za jana zote zilizokuwa bado mbichi. Sijali. Kikwe imenyesha pia, nimepiga simu kuuliza.

Machi 21

Maharage yametoka. Kijani chake kinaumiza macho.

Na leo ndege imepita mara ya mwisho. Nilikuwa shambani. Kwanza hakuna kitu, kisha anga yote inapasuka, kisha iko juu ya mlima tayari, ndogo kama nzi. Wakati sauti inafika, yenyewe imekwisha kuondoka. Ndiyo tabia ya ndege hiyo, na ndiyo tabia ya mwenyewe.

Baba alikuwa amesimama uani, kofia yake ya pama kifuani. Anafanya hivyo tangu Sylvanus aanze kuruka. Ndege yoyote ya jeshi ikipita, hata isiyo ya mwanawe, anaacha jembe, anaacha uji, anasimama na kuvua pama. Mara moja alivua katikati ya mazishi, mbele ya jeneza la mtu mwingine, wafiwa wakamshukuru kwa heshima.

Mimi nilitolewa shule kidato cha pili, kwa sababu ng'ombe waliobaki walitosha mtoto mmoja. Nilibeba maziwa mpaka mjini kichwani. Bloku nilianza na kalibu moja ya kuazima, Sombetini, kwenye kiwanja cha mtu. Sasa kiwanja ni changu, mashine mbili ni zangu, vijana kumi na mmoja wanakula kwangu. Bati lililo juu ya kichwa cha Baba ni langu, na meno yaliyo kinywani mwake pia. Kila Jumatano na Jumamosi kirikuu yangu ya mizigo inaingia uani kwake imejaa unga, sabuni na dawa za presha. Ina honi kubwa tu, inasikika. Sijamwona akiivulia pama.

Machi 28

Nimempeleka Baba kambini kwenye sherehe ya kuiaga. Alikaa mbele na akatoa kichwa dirishani mwa kirikuu kwa kila mtu aliyepita: "Naenda kumstaafisha mwanangu." Dereva hakutajwa.

Nilikuwa nimejiandaa kuidharau. Nilidhani nitakuta bati kuukuu lenye kutu, nirudi nyumbani nimeshiba. Haikuwa hivyo. Ni nyembamba, mbawa zimelala nyuma kama mwewe anaposhuka juu ya kifaranga, na pua imechongoka. Ina miaka karibu arobaini. Mimi nina hamsini na mbili na hakuna aliyenipaka rangi upya hata ukucha.

Chini ya dirisha la rubani limeandikwa jina lake. Sylvanus. Herufi nyeupe.

Magari mawili ya zimamoto yakasimama huku na huku, yakarusha maji juu, ndege ikapitishwa katikati polepole ikilowa. Watu walilia. Askari mwenye cheo kikubwa alifuta macho kwa kitambaa. Kisha wakaivisha shada la maua shingoni, kama bibi harusi. Mimi nikistaafu bloku, nani atanirushia maji? Maji namwagia bloku mwenyewe, siku saba kila moja, zisipasuke.

Sylvanus aliigusa pua kwa kiganja, akakaa hivyo muda. Alipogeuka alitutafuta kwenye viti. Baba alikuwa amesimama, pama kifuani, meno yangu yote yakionekana.

Aprili 4

Harpreet kaja kiwandani. Karakana yake ya vyuma ni ya tangu babu yake, na ndiye aliyepewa kazi ya kuileta ndege na kuisimamisha. Tumefanya biashara miaka mingi.

"Dada Bloku, nataka bloku mia sita."

"Za nini?"

"Ukuta wa kuzunguka ndege."

Nikakunja uso. Akanikazia macho.

"Sasa wataka kuuza au wataka kununa?"

"Naweza vyote viwili kwa wakati mmoja, Harpreet."

"Ndiyo maana nakuheshimu."

Nimekubali. Ndege itakuja bila injini wala silaha. Harpreet anasema ikiwa tupu ni tani nne na kidogo. Bloku yangu moja ni kilo ishirini na tano. Ukuta wangu utaizidi ndege yake mara tatu na ushei. Na kila bloku yangu ina herufi E ya jina langu imepigwa ubavuni, kama zote zitokazo hapa. Hiyo haikuwa kwenye mazungumzo.

Aprili 12

Nimepalilia. Mgongo.

Aprili 20, Pasaka

Nilipika loshoro tangu asubuhi, mahindi laini, maziwa yaliyoganda vizuri. Sylvanus akala sahani tatu, Baba akimwangalia kama anayeangalia mvua ikinyesha. "Chakula cha nyumbani kilikuwa kinakungoja," akamwambia. Kilikuwa kinangoja! Kana kwamba chakula kilijipika, kikakaa mlangoni na kanga mabegani.

Sylvanus sasa amehamia kwa Baba. Sikio lake la kushoto limekufa kwa makelele ya injini, kwa hiyo watu wanamzunguka upande wa kulia, kama kuku kwenye pumba. Wanamuuliza ndege ilikwenda kasi gani. Anawajibu taratibu, kwa upole, na upole wake ndio unaonimaliza. Angekuwa na majivuno ningepumzika.

Alipotoka nje kunawa nikamfuata, upande wa kulia.

"Unajua lile shamba ni langu?"

"Dada, Baba alisema mtaelewana."

"Sikukuuliza Baba alisema nini."

"Mambo ya mipaka mimi siyajui. Niliondoka mdogo. Nisamehe."

Hajui! Huyu ndiye atakayekuja kurithi mji.

Aprili 29

Maharage yametoa maua. Meupe.

Mei 6

Niandike leo kila kitu, nikiwa bado nakumbuka nani alisema nini.

Asubuhi ilinyesha, kisha ikaacha. Harpreet alikuja na trekta la kuchimba kufungua njia, kwa sababu lori refu lililobeba ndege haliwezi kukata kona pale bila kuingia shambani. Ndege yenyewe ilikuwa imefika jana, imeegeshwa kwenye ofisi ya kata chini ya turubai, mbawa zimevuliwa na kulazwa pembeni. Nilikwisha sema wangoje nivune. Walijibu wanafungua njia tu, mistari hawataigusa.

Nilikuwa ng'ambo ya mfereji na jembe langu. Namnyaki alikuwa karibu, anajifanya anachota maji. Sylvanus alikuwa pembeni ya barabara na viatu vya mpira vya Baba, anaelekeza kwa mikono kama wanavyoelekeza ndege.

Trekta likafika kwenye pembe. Pale kwenye pembe lipo isale. Lilikuwa refu kunizidi, majani yake mapana yameoshwa na mvua. Harpreet, ambaye si Mmeru, na kwa hiyo ana adabu na vitu asivyovijua, akasimamisha trekta.

"Dada Bloku! Huu mmea ni wa mtu?"

Neno moja tu lilitakiwa. Isale. Hata mtoto wa chekechea wa Kimeru angelisema.

"Muulize mwenye ndege," nikajibu.

Harpreet akamgeukia Sylvanus. Sylvanus aliliangalia isale, kisha akanitazama mimi. Akanitazama sana. Nikainamia jembe.

"Toa tu," akasema. "Ni maua ya uzio."

Harpreet alisita bado, mzee wa watu. Ndipo Sylvanus akaenda mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili, akalivuta. Udongo ulikuwa laini. Likatoka na mizizi yake. Akalitupa, likaangukia mferejini, maji yakalichukua likapita mbele yangu, mbele ya miguu yangu kabisa, ningeweza kuinama nikalishika.

Namnyaki akaangusha ndoo. "Yesu wangu! Ameng'oa isale!"

Sauti yake ilifika mpaka kwa Baba. Alikuja na fimbo, akatazama shimo. Hakuuliza nani. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa pale, vimejaa matope, na ndani yake mwanawe.

Kung'oa isale la mtu si kosa la kusema samahani likaisha. Kazi inasimama. Hakuna kinachoingia ndani ya mipaka hiyo mpaka mshili, mkuu wa ukoo, asikilize. Harpreet alizima trekta. Nikasikia vyura.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kinywa kilikuwa changu, nilikifunga, na nilifurahi mpaka jembe likawa jepesi.

Mei 7

Baba hali. "Mwanangu ameng'oa isale," ndilo neno lake tu. Nimemwachia uji.

Mei 10

Mshili alitusikiliza sebuleni kwake, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, televisheni imewashwa bila sauti. Tulijaa mpaka mlangoni.

"Sylvanus. Uling'oa?"

"Niling'oa, mzee."

"Ulifikiri ni nini?"

"Nilisema ni maua."

"Sikuuliza ulisema nini. Lakini sawa." Akatugeukia. "Nani mwingine alikuwepo?"

Namnyaki huyo, mkono juu. "Mama Aikande alikuwepo! Ng'ambo ya mfereji tu."

"Mama Aikande, ulimwona mdogo wako anashika isale lako ukanyamaza?"

"Nilikuwa nalima, mzee."

"Jembe linaziba mdomo?"

Wakacheka. Hata waliokuwa upande wangu walicheka.

"Mdomo wako tutaujadili siku nyingine," mshili akasema. Kisha akahukumu. Shamba ni la mwenye masale. Baba aliyatoa kwa mkono wake, na kilichotolewa kwa isale hakirudishwi kwa kikombe cha chai; mtoaji mwenyewe hana ruhusa. Sylvanus atoe kondoo. Ndege isiingie mpaka mwenye shamba akubali kwa kinywa chake.

Nimeshinda. Kila kitu.

Nilimtazama Baba. Alikuwa amevua pama, ameiweka magotini, ameinamisha kichwa. Hata kwa aibu, pama ilivuliwa kwa ajili ya Sylvanus.

Mei 13

Mvua. Turubai la ndege limechanika upande mmoja, mkia unaonekana.

Mei 15

Nimesalimia watu wanne njiani Kikwe. Wawili wameitika. Wanasema nina wivu. Ni kweli ninao. Lakini nina haki pia, na hivyo viwili vikikaa nyumba moja watu huona kimoja tu.

Mei 16

Maganda yamejaa. Vidole vinahisi mbegu ndani. Sikumwonyesha mtu, hakuna wa kumwonyesha.

Mei 18, Jumapili

Vijana hawafanyi kazi leo. Nilikuwa peke yangu kiwandani, namwagia maji bloku za jana jioni, ingawa mvua ilikuwa inaanza kunisaidia. Geti likagongwa.

Sylvanus. Alikuwa amelowa mpaka mifupani, suruali ya matope mpaka magoti, na mkononi ana isale. Bichi, limekatwa leo, majani yamefungwa kifundo.

Anayekuja na isale hakataliwi. Umwone kwa jicho lolote, awe ameua, awe ameiba, akisimama mlangoni na isale mkononi unapokea. Nililitazama nikajua limetoka wapi. Yenye mstari ule mwekundu kwenye shina yako mlimani tu, kwenye mji wa babu, na huko katika mvua hii hata pikipiki haipandi. Alikwenda kwa miguu yake.

"Ingia, unalowa."

"Pokea kwanza, Dada."

"Nani kakufundisha haya? Si hujui mipaka?"

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba lile lilikuwa isale. Mimi ni Mmeru. Nilifanya kazi angani, sikuzaliwa angani."

Nilifunga bomba. Nilisogea upande wake wa kulia, asije akasingizia hakusikia.

"Ulijua, na ukang'oa?"

"Nilikungoja unikemee. Ulinyamaza. Nikasema basi, kama hata yeye halitaki." Akalihamishia isale mkono wa pili. "Hapana. Nisikudanganye mbele ya isale. Nilitaka kuling'oa tangu zamani."

"Kwa nini, Sylvanus? Una nini wewe ambacho hukupewa? Baba anakuvulia kofia mpaka kwenye mazishi ya watu!"

"Kwa mwendo ule huoni kofia, Dada. Huoni hata mtu. Hizo kofia nimesimuliwa tu. Na kofia ikishavuliwa huvaliwa tena, ndege ikipita." Akafuta uso kwa kiwiko. "Lakini kila nilipokuja likizo, nikishuka barabarani, cha kwanza kuona ni masale yako. Yamekua tena. Mji wa Baba nitaurithi akifa, kwa sababu mimi ni mwanamume na ndio utaratibu. Wewe alikupa akiwa hai. Kwa sababu alitaka."

Nikamwambia anakanyaga bloku mbichi.

Akashuka. Alama ya kiatu imebaki kwenye moja, kubwa, ya viatu vya Baba.

Nililipokea isale. Halikataliwi. Nikampa shuka ajifunge na chai, akanywa amekaa juu ya mfuko wa saruji, mtu aliyerushiwa maji na magari mawili ya zimamoto, sasa amelowa bure.

Mei 19

Sijawahi kuonewa wivu na mtu anayeruka. Ni kitamu. Nimejionea aibu, kisha nikaonja tena.

Mei 24

Nimelipanda isale. Niliwaita mshili na Baba washuhudie. Sylvanus alichimba, mimi nikashikilia, Baba akapiga magoti kwa shida na kukandamiza udongo kwa viganja. Ilimchukua muda kuinuka. Tulimshika huku na huku.

Kisha nikasema, kwa kinywa changu, kama ilivyohukumiwa. Kupokea isale ni kusamehe, si kugawa shamba. Ndege itaingia, lakini kwa mlango wangu: baada ya mavuno, si kabla. Itakaa upande wa mfereji, pale maji yanapozidi na maharage hugeuka manjano, si katikati. Ardhi chini yake, na chini ya kila bawa mpaka ncha, ni yangu kulima.

"Utalima chini ya ndege?" mshili akauliza.

"Ndege ina kivuli. Kivuli na mfereji ni magimbi."

Mshili akamgeukia Sylvanus. "Umesikia, rubani?"

"Nimesikia. Sikio zima lilikuwa upande wake."

Mei 31

Majani yananyauka vizuri. Jua kidogo.

Juni 7

Tumevuna. Magunia manne na debe. Mwaka jana yalikuwa matatu. Mara ya mwisho mimi kuvuna kipande kile cha mferejini, na ndicho kilichotoa kidogo kuliko vyote. Hesabu zangu zilikuwa sawa. Sylvanus alipura nasi, hajui kupura, alipiga zaidi ardhi kuliko maharage. Namnyaki alimwambia, "Kaka, hiyo si vita." Nilicheka kabla sijajizuia.

Juni 14

Imesimamishwa. Kreni ya Harpreet iliinyanyua kama mtu anyanyuavyo mtoto aliyelala, na pua ikaelekezwa mlimani, kama Baba alivyotaka. Watu walijaa barabarani pande zote mbili.

Hotuba. Aliyeongoza sherehe alimtaja Sylvanus mara nyingi, nikaacha kuhesabu. Alimshukuru Baba kwa kulea. Alimshukuru Harpreet kwa chuma. Mwisho akashukuru "familia kwa kutoa eneo." Familia! Nilisimama pale na gauni langu la kitenge kipya, mimi familia nzima.

Baba alivua pama, bila shaka.

Lakini watu walipoisogelea wapige picha, ilibidi wainamie ukuta. Jina la Sylvanus ni moja, liko juu, ukiwa karibu hulioni. Bloku ni mia sita, na nilizipanga mwenyewe na vijana wangu, ubavu wenye herufi nje. Katikati ya upande wa barabara nimeweka ile yenye alama ya kiatu. Sylvanus aliiona. Aliigusa kwa kiganja, hivyo hivyo alivyoigusa pua ya ndege.

Juni 21, Jumamosi

Mvua zimekwisha. Leo nimechimba mashimo ya magimbi chini ya bawa la kushoto. Udongo wa pale ni baridi, kivuli kinafika mpaka mferejini.

Baba alitaka kuja. Nikamletea kiti, akakaa chini ya bawa la kulia. Nilimwacha na Sylvanus, nikaendelea na jembe. Niliposimama kunyoosha mgongo nikamwona amevua pama. Nikatazama juu, nikijua nitaona nini. Hakukuwa na kitu. Anga tupu.

Alikuwa amekaa sasa kwenye ukingo wa kiti, ameinama, anaokota maharage yaliyopukutika tulipovuna, moja moja, yale mekundu yanayojificha kwenye nyufa za udongo, na kuyatia ndani ya pama.

"Baba, acha. Hayo ni ya ndege wa porini."

"Maharage yako mazuri, Elirehema. Hayatupwi."

Hajaniita jina hilo tangu nizae.

Ndipo sauti ikaja. Ndege ya jeshi, ya aina mpya, ikashuka kutoka upande wa mlima kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, chini kabisa, mbawa juu ya vichwa vyetu zikatetemeka kwa ngurumo yake. Sylvanus aliinua macho. Mimi niliinua macho. Barabarani watu walisimama.

Baba hakusimama. Mikono yote miwili ilikuwa inashikilia pama, yasimwagike.